Naombeni ushauri: baba mkwe anataka kupanda mlima kule Gombe na kurudi siku hiyohiyo

Mama Wawili wa Mwanga
Wakuu habari za humu. Huu ni mwaka wangu wa nne Kigoma mjini na nakiri kwa aibu kwamba Gombe, ile hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, sijawahi kukanyaga. Nikienda mwalo wa Kibirizi kununua dagaa naitazama ile milima ya kaskazini, nasema ipo siku, kisha narudi nyumbani kukaanga.

Siku yenyewe inakuja na mkwe. Baba wa mume wangu anapanda treni Tabora wiki ijayo. Ana miaka 63, ni mstaafu, shambani kwake anashinda kutwa kwa miguu, ila goti la kulia humsumbua akishuka mteremko. Kwenye simu hata wajukuu hakuwauliza. Kauliza: "Ule mlima aliokuwa anakaa yule mama Mzungu kutazama sokwe, unapandika kwa siku moja?" Nikajibu "unapandika baba" kabla sijafikiri. Mume wangu yuko safari ya kikazi, kwa hiyo msala huu ni wangu peke yangu.

Nataka kujua, tukitoka Jumapili asubuhi tunaweza kupanda, tukaliona ziwa kutoka juu, tukarudi kulala nyumbani? Kijana wangu wa miaka 11 kashafunga begi. Na goti lile, nisije nikamrudisha mzee wa watu kwenye machela.

Mtoto wa Kasulu
Dada mbona rahisi. Asubuhi nenda Kibirizi, panda boti la abiria, shuka Gombe, panda mlima, jioni dandia boti linalorudi mjini. Nauli ya kawaida tu. Watu humu wanapenda kukuza mambo.

Nahodha Nchi Kavu
Mwakeye wakuu. Dada, ukimsikiliza huyo utalala ufukweni na mkwe wako.

Yale maboti hayafuati ratiba ya mtembezi, yanafuata ratiba ya mama anayeleta bidhaa sokoni. Alfajiri yanatoka vijiji vya kule karibu na Burundi kuja mjini, kisha mchana, kuanzia saa sita hadi saa nane hivi, ndiyo yanageuza kurudi kaskazini. Yanasimama kila kijiji, kwa hiyo mpaka Kasekela, pale ofisi za hifadhi zilipo, hesabu masaa matatu hadi manne. Ukishuka pale jioni hakuna boti la kukurudisha, la kurudi linapita kesho yake asubuhi. Halafu umesema Jumapili. Jumapili hayatembei kabisa.

Una njia mbili tu: mkodi boti lenu, au mlale hukohuko kwenye nyumba za wageni za hifadhi mkiwa mmeshaulizia nafasi.

Mtoto wa Kasulu
Mimi nilienda 2011, labda mambo yamebadilika.

Nahodha Nchi Kavu
Hayajabadilika mdogo wangu. Wewe ulilala, umesahau tu.

Mama Wawili wa Mwanga
Jamani nimecheka peke yangu jikoni. Asante kaka Nahodha. Tukikodi, tutoke saa ngapi? Ziwa naliogopa kuliko mlima, nisifiche.

Nahodha Nchi Kavu
Kuliogopa ni akili. Ziwa hili linashuka mita 1,470 kwenda chini, duniani linazidiwa na Ziwa Baikal la Urusi tu. Sikutishi, nataka ukatae boti lisilo na jaketi okozi kwa kila kichwa. Usikubali "tutazikuta njiani".

Boti la mbao lenye injini nzuri ni masaa mawili hivi, zaidi kidogo likiwa zito. Huku kwetu jua linachelewa, linachomoza karibu saa moja, mzee wa Tabora asije akashangaa. Muwe Kibirizi saa kumi na mbili na nusu, mwanga ukianza tu mnaondoka. Asubuhi maji huwa yametulia. Kiangazi hiki upepo wa kusini ukiamka mchana, mkirudi mjini unawapiga usoni, na boti linaruka kama daladala ya barabara ya vumbi. Saa nane muwe mmeshuka mlimani, saa tisa mmeshaondoka ufukweni.

Gharama kubwa ni mafuta. Tafuta watu watatu wanne wa kugawana, hata humu humu.

Mgebuka Mkavu
Mimi nachangia suala la chakula maana ndilo nililoumia. Pale ufukweni kuna nyani. Si sokwe, nyani hawa wa kawaida wenye mikia na tabia za kondakta. Nilifungua chombo cha maandazi, nikageuka kuchukua chai, nikakuta dume limekaa juu ya begi langu linatafuna huku linanitazama kama mimi ndiye mwizi. Kuleni ndani ya boti kabla ya kushuka. Chombo kifungwe, na mfuko wa plastiki usionekane.

Sista wa Zamu
Dada, kijana wa miaka 11 abaki nyumbani. Kwenda kuona sokwe Gombe ni kuanzia miaka 15, na hilo halina kubembeleza. Mwambie leo, usimwambie Jumapili asubuhi.

Lingine ni mafua. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu kirahisi sana. Mwaka 1966 walipata ugonjwa wa kupooza kama polio, wengine wakafa, wengine wakabaki na viungo vibovu. Mwaka 1987 ugonjwa wa mfumo wa hewa ukaua wengine. Kwa hiyo mzee akishuka kwenye treni anapiga chafya, msimpeleke, hata kama boti limeshalipiwa. Mkiwakuta, muongozaji atawaambia mkae kama mita kumi. Mara nyingi sokwe mwenyewe ndiye anayesogea, hapo mnarudi nyuma taratibu. Bebeni na barakoa.

Kuhusu goti: aanze kulifanyia mazoezi ya ngazi sasa hivi huko Tabora, na avae viatu alivyovizoea. Kama lina uvimbe au linamfyatuka, aende hospitali kabla ya kukata tiketi.

Mchunga Vilima
Nimepanda mara tatu, nizungumzie mlima wenyewe maana wote mmeng'ang'ania maji.

Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na migongo ya Gombe inafika 1,500 na ushei. Kwa hiyo baridi haitawasumbua, wala hewa haiwi nyepesi kama Kilimanjaro. Shida ni kwamba ule ni ukingo wa Bonde la Ufa, unapanda moja kwa moja kutoka ufukweni. Hakuna tambarare ya kupumulia. Mabondeni ni msitu wenye kivuli na mizizi ya kushika. Ukitoka juu kwenye nyasi, jua lote ni lako. Maji lita mbili kwa kila mtu, na msibebeane.

Kupanda mzee atapanda. Kushuka ndiko kwenye kazi, maana wakati huu nyasi zimekauka, juu ya changarawe zinateleza kama zimepakwa mawese. Muombe muongozaji fimbo mapema. Ashuke kwa upande upande, hatua fupi, asione haya kukaa chini.

Ushauri wangu: asubuhi muanze na maporomoko ya Kakombe. Ni chini ya saa moja kutoka Kasekela, ndani ya kivuli, na njia haina ukali. Hapo utalipima goti. Likiwa zima, mwende kile kilele kinachoitwa kwa jina la Jane Goodall, ndiye yule mama Mzungu wa mzee. Likigoma, mmeshaona kitu, mzee hajaaibika.

Sokwe wenyewe si wa kuwaahidi. Kiangazi wanatembea mbali zaidi kuliko masika. Mwambie mzee tunakwenda kuona ziwa, sokwe ni nyongeza.

Bibi Ujiji
Huyo Jane Goodall alifika Julai 1960, binti wa miaka 26, na hakuja peke yake: wakubwa wa serikali walikataa, ikabidi aje na mama yake mzazi. Miezi ya mwanzo sokwe walikuwa wanamkimbia, ndiyo akawa anapanda kule juu na darubini. Amefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Nimeandika ili mkwe akikuuliza njiani usibaki kutabasamu tu, mwanangu.

Reli Yangu
Kwa nini msimpeleke Mahale, ile hifadhi nyingine ya sokwe? Mlima Nkungwe wa kule ni mita 2,462, huo ndio mlima.

Mchunga Vilima
Mkuu, mtu ana siku moja na goti moja.

Mama Wawili wa Mwanga
Nimewaelewa. Nimehamisha kwenda Jumamosi, nimepata walimu watatu wa kugawana boti. Malipo ya hifadhi vipi, nibebe fedha taslimu?

Nahodha Nchi Kavu
Hapana, unalipa kwa kontrol namba. Malizia ukiwa mjini kwenye mtandao wa uhakika. Na vitambulisho vya taifa, msije mkatozwa kama wageni.

Mama Wawili wa Mwanga
MREJESHO. Tumerudi jana salama. Kakombe mzee alitembea kama kijana, akakataa kabisa kusikia habari ya kuishia pale. Kilele tulichukua masaa mawili na nusu, mimi ndiye niliyekuwa naomba tupumzike, yeye anachuma majani na kumuuliza muongozaji majina. Juu alinyamaza muda mrefu. Milima ya Kongo ilionekana ng'ambo, na boti zetu chini kama maganda ya karanga. Kisha akasema, "Kumbe maji yote haya mnayo, na bado mnalalamika bomba halitoki."

Sokwe tulisikia kelele zao tu bondeni. Kushuka alikaa chini mara mbili, fimbo ilimwokoa. Saa tisa kasoro tukawa ndani ya boti, na mawimbi tuliyapata kidogo karibu na Kibirizi, nikafumba macho.

Goti limevimba kiasi, namkanda, anakataa kukiri kwamba linauma. Kijana bado hanisemeshi, amehesabu miaka minne kwenye kalenda ya ukutani. Sasa mwenye kumjua fundi viatu mzuri Mwanga au Ujiji aniambie, soli moja ya mzee imebaki mlimani na treni yake ni Alhamisi.