Mrejesho: fidia ya mama mkwe, maji ya Camp Lejeune

Habari zenu ndugu zangu. Juni 2024 niliwauliza kama mama mkwe wangu, mjane wa askari hapa Marekani, bado anaweza kudai fidia ya kifo cha mumewe. Waliishi Tarawa Terrace, makazi ya familia ndani ya kambi ya jeshi ya Camp Lejeune, North Carolina, 1981 hadi 1983. Maji ya mtaa ule yalikuwa na kemikali ya duka la dobi lililokuwa nje ya kambi. Baba alifariki 2009 kwa saratani ya figo.

Asanteni mlionihimiza nisilaze damu. Tulituma madai Julai, dirisha likafungwa 10 Agosti.

Kilichotusumbua si vyeti vya hospitali. Kwa marehemu, ilibidi kwanza mahakama imthibitishe mama kuwa msimamizi wa mirathi. Halafu uthibitisho wa makazi! Sheria ya fidia hii inataka mtu awe alikaa kambini angalau siku 30, kati ya 1953 na 1987. Tulipekua hadi tukaikuta ndani ya Biblia ya mama kadi ya chanjo ya mume wangu, wino wa bluu umefifia, anwani bado inasomeka.

Serikali imekubali kumlipa dola 300,000, na 100,000 nyingine kwa sababu ya kifo. Alipewa siku 60 kuamua kama anakubali. Wakili alitaka asilimia 40. Jamani, msikubali: kwa madai yanayomalizwa bila kesi, mwisho ni 20. Tulimwonyesha, akashuka.

Mama alisaini juzi, mkono ukimtetemeka, kisha akaomba tumpeleke makaburini.