Tupeane uzoefu: enzi za tii-skwea, Rotring na kitabu cha logi

Mchora Mstaafu

Wakuu, habari za jioni. Juzi napanga stoo nimekuta sanduku langu la kazi. Tii-skwea, ile rula yenye umbo la T, imepinda, rula ya skeli imefutika namba upande mmoja, kalamu nne za wino za Rotring zimekauka kabisa. Nilikaa pale pale chini karibu saa nzima. Naomba tukumbushane, kila mtu na chombo alichokishika.

Mimi nilianza kuchora ramani za majengo Dar es Salaam mwaka 1984. Asubuhi unafuta ubao, unabandika karatasi ya treisingi, ile inayopitisha mwanga, kwa selotepu pembe zote nne, kisha unatikisa kalamu. Ukisikia tiki-tiki ndani, kazi inaanza. Usiposikia, unaelekea bombani kuosha. Kalamu zilikwenda kwa unene wa milimita: 0.25, 0.35, 0.5, 0.7. Mzee aliyenifundisha ndiye aliyenionyesha siri ya namba hizo: kila moja ni kama mara 1.4 ya iliyotangulia, sawasawa na pande za karatasi ya A2 zinavyokua kuwa za A1. Ramani ya A1 ukiipunguza hadi A2, mstari wa 0.7 unakuwa 0.5, kwa hiyo unaweza kuendelea kuchora juu yake na mistari yote ikalingana. Nilipoelewa hilo nilizipenda zile kalamu maradufu.

Adui yetu alikuwa jasho. Miezi ya kaskazi kiganja kikigusa treisingi, wino haushiki pale. Tulikuwa tunalaza karatasi chini ya mkono, wengine wanapaka poda. Na ukikosea, unachukua wembe, unakwangua kidogo kidogo, unapitisha kifutio, halafu unasugua kwa kucha mpaka pawe laini, la sivyo wino mpya unatapakaa kama maji kwenye kitambaa. Mimi niliwahi kukwangua ukuta mmoja mara tatu, wembe ukatoboa. Kazi ya siku tisa. Bosi aliitazama, akaniletea karatasi mpya, hakusema neno.

Tangu siku hiyo nikawa nakaa na penseli muda mrefu kabla sijagusa wino. Jengo lazima liwe limeshasimama kichwani, ngazi inapanda upande gani, mlango unafungukia wapi. Ukaaji ule ndio ninaoukosa kuliko kitu kingine chochote.

Mpima wa Zamani

Mkuu umenigusa. Mimi nilikuwa porini na teodolaiti ya Wild T2, kifaa cha Uswisi cha kupimia pembe, kwenye sanduku lake la chuma lenye umbo la kengele. Mchana unapima, usiku unakokotoa kwa taa ya kandili.

Kalkuleta za betri zilikuwepo, lakini kambini kwetu iliyotegemewa ni mashine ya kuzungusha kwa mkono. Kujumlisha unazungusha mbele, kutoa unazungusha nyuma. Kugawanya ndiko kulikokuwa kutamu: unatoa, unatoa, unatoa, hadi kengele inalia ting! Maana yake umepitiliza. Unarudisha mzunguko mmoja, unasogeza gari, ile sehemu ya mashine inayoteleza pembeni, hatua moja, unaanza tena. Kambi nzima ilikuwa inajua nani anagawanya.

Kanuni yetu: watu wawili wanakokotoa kila mmoja peke yake, ndipo wanalinganisha. Usiku mmoja jumla ya umbali yangu na ya mwenzangu zilipishana sentimita 45. Tumechoka, kesho tunahama kambi. Mzee wetu akauliza tu, "45 inagawanyika kwa 9?" Tukasema ndiyo. "Basi kuna mtu amepindua tarakimu mbili." Tukapitia kitabu cha vipimo mstari kwa mstari. Mimi ndiye nilikuwa nimeandika 364.27, kitabuni ni 364.72. Tofauti ikiwa inagawanyika kwa 9, mshuku kwanza aliyenakili. Mpaka leo nakagua hesabu za kikundi chetu cha kukopeshana kwa mtindo huo, na nimeshakamata makosa mawili.

Mwalimu wa Pwani

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu sisi wa darasani chombo kilikuwa kitabu cha majedwali ya logi, yaani kipeo cha 10 kinachokupa namba unayotaka. Tuseme unazidisha 2 kwa 3: logi ya 2 ni 0.3010, logi ya 3 ni 0.4771. Jumlisha: 0.7781. Rudi kwenye jedwali, ni 6. Mtoto akiona mara ya kwanza kwamba kuzidisha kumegeuka kujumlisha, macho yanamtoka.

Kilichowatesa ni namba zilizo chini ya 1. Logi ya 0.02 tunaiandika "ba mbili nukta 3010", ba ni kile kistari juu ya 2, yaani hasi iko kwenye 2 peke yake, ile sehemu ya nyuma inabaki chanya. Kutoa ba kwenye ba, hapo ndipo alama zilipomwagika.

Nilikuwa pia na rula telezi ya urithi, ile ya kuzidisha na kugawanya kwa kutelezesha. Haikuambii nukta inakaa wapi: 6, 60 na 600 zote zinasomeka mahali pamoja. Lazima ukadirie mwenyewe kwanza. Hata sasa nawaambia wanafunzi waandike kadirio pembeni kabla ya kubonyeza kalkuleta, na anayeandika kadirio ndiye anayegundua mwenyewe kwamba amebonyeza vibaya.

Nimepumua Amonia

Mimi sitaki irudi, nisameheni wakuu. Nilikuwa chumba cha kutolea nakala. Ile mashine iliyotoa nakala za ramani kwa mvuke wa amonia ilikuwa inachoma macho na kifua, dirisha moja, feni mbovu. Siku programu ya kuchorea ilipoingia ofisini na nakala zikaanza kutoka kwenye printa, nilimshukuru Mungu kwa sauti. Ila mwandiko wa wachoraji wale, herufi zimesimama kama zimepigwa chapa, huo naukumbuka kwa mapenzi.

Mchora Mstaafu

@Nimepumua Amonia pole sana ndugu yangu. Sisi tulikuwa tunaleta treisingi mlangoni na kukimbia. Hatukuwahi kuuliza wewe unapumuaje. Nimesoma mara mbili.

Binti wa Fundi Ramani

Shikamooni wazee wangu. Baba alikuwa mchoraji, alifariki miaka sita iliyopita. Mama ametunza kalamu zake kwenye kikasha cha plastiki cha kahawia. Nasoma usanifu majengo na natamani nichore mchoro mmoja tu kwa kalamu yake ya 0.35. Imeziba. Nimejaribu kuifungua, nikaogopa.

Mchora Mstaafu

Marahaba binti, na pole kwa baba. Umefanya vizuri kuogopa. Ile sindano ndani ya ncha usiichomoe, hasa kwenye kalamu nyembamba, ikipinda ndiyo basi. Fungua ncha nzima bila kulazimisha, iloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, ilale humo hadi asubuhi. Maji yakiwa meusi badilisha, rudia, hata siku nne. Isuuze, iache ikauke kabisa, ndipo utie wino, wino wa kalamu hizo tu, si mwingine. Kisha ishike wima karibu na sikio, itikise taratibu, utuambie umesikia nini.