Naomba ushauri: pH ya tangi la matumbawe imeshuka tangu baridi ianze

Wakuu, habari zenu.

Niko Minnesota. Baridi ikishaingia huku, madirisha hayafunguliwi tena. Tangi langu la matumbawe ni la lita 300, na tangu tuwashe hita pH ya asubuhi kabla ya taa ni 7.7, jioni inajikongoja hadi 7.9. Kiangazi ilikuwa inafika 8.3 yenyewe.

Alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe) ni 8.5 dKH, kalisi 420, uzito wa maji chumvi 1.025; vyote viko sawa. Kwa hiyo dawa ya chupa ya kupandisha pH siitaki kabisa: itavuruga alkalini, na hewa ukaa tunayoipumua humu ndani, ambayo ndiyo inashusha pH, itabaki palepale. Nilichota maji kwenye jagi, pampu ya hewa nikaiweka nje ya dirisha, mpira ukaingia ndani. Baada ya saa moja yakafika 8.2. Basi tatizo ni hewa ya nyumbani.

Kinachoniuma ni akropora, yale matumbawe yangu ya matawi. Zile ncha nyeupe za kukua zimeanza kufifia na kuwa kahawia.

Nikipeleka nje mpira wa hewa wa skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa mapovu), kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, unyevu hautaganda ndani yake? Au ninunue kichujio cha soda laimu, zile punje za kunyonya hewa ukaa? Mwenye nacho aniambie punje zinadumu muda gani kabla ya kugeuka zambarau. Maji ya chokaa, yanayopandisha pH, nayo nayafikiria, yadondoke polepole usiku kufidia yanayokauka, ila naogopa pampu ikikwama yamwagike yote kwa mpigo. Mnaoyatumia mnajilindaje?