Mrejesho: Mdogo wangu aliyesimamishwa chuo kwa kuandamana

Ndugu zangu, niliwauliza kama mdogo wangu, aliyesimamishwa chuo mwaka mzima kwa kuandamana na wenzake wakidai fedha za kujikimu zilizochelewa, akate rufaa au aombe radhi yaishe.

Tulikata rufaa. Kamati ya nidhamu ilimsikiliza kwa dakika zisizozidi 20, ikapunguza adhabu kuwa muhula mmoja, na mwezi uliopita alipanda treni hapa Tabora kurudi masomoni, akiwa amekumbatia dumu la asali ya mama. Kinachonikera ni aya ya mwisho ya barua, pale chini karibu na mhuri wa zambarau: kumbukumbu ya kosa itabaki katika jalada lake, na itatajwa kila chuo kitakapoombwa kueleza mwenendo wake.

Mzee mmoja kati yenu alinikumbusha kwamba Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapahapa Tabora, aliwafukuza wanafunzi zaidi ya 300 wa chuo cha Dar es Salaam walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kukatwa asilimia 60 ya mshahara. Hata hivyo, wengi wao walirudishwa mwaka uliofuata. Hasira ile, kali kama ilivyokuwa, ilikuwa na mwisho.

Aliyevunja vioo alipe vioo, sina ubishi. Huyu wetu alibeba bango la boksi tu. Tumeandika tena, tukiomba kumbukumbu hiyo iondolewe atakapohitimu, jibu bado.