Ngome Kongwe Jumamosi, nani anakwenda?

*Jumatano*

Da Mwana (17:02): Assalaamu alaykum wana ukoo. Jumamosi usiku Ngome Kongwe kuna mazungumzo ya kutia moyo na burudani, wanaanza kinamama watatu kuzungumza, mmoja mkulima wa mwani Paje mmoja fundi wa sola alosomea Kinyasini na mwengine simjui, halafu taarab ya jukwaani sio ya kanda. Tiketi elfu kumi. Nataka majina leo leo kabla ya Isha

Da Mwana (17:40): Watu 23 mshasoma. Naziona hizo tiki za buluu

Suleiman (17:44): moyo ninao da Mwana, elfu kumi ndo sina

Suleiman (17:44): nani anapiga kwani

Da Mwana (17:45): Kikundi cha Malindi

Suleiman (17:45): basi mie wa Culture simo 😂

Ami Haji (17:51): Suleiman adabu. Malindi ipo tangu 1905, Culture imekuja 1958 imekuta watu washamaliza kahawa

Suleiman (17:52): ndo mana ganuni lao linakohoa ami

Rahma: 😂😂😂

Da Mwana (17:55): JAMANI MAJINA. Na gari. Ile daladala 502 kurudi Bububu saa tano usiku msiitegemee mtalala Darajani, nimeshaulizia Noah kwenda na kurudi elfu sitini tukigawana sio kitu

Mwajuma (17:58): Noah 😐

Da Mwana (17:58): Mwajuma usianze

Mwajuma (17:59): sijaanza nimeweka uso tu. alosimama Darajani na bakuli la visheti mpaka saa nne usiku si mie

Shaaban (18:01): visheti vile lakini vilikua vitamu

Da Mwana (18:01): Shaaban!!!

Shaaban (18:02): si alivirudisha kwake, mie ndo nilovila asubuhi yake

Ami Haji (18:10): Linaanza saa ngapi jambo lenyewe

Da Mwana (18:11): Kadi imeandikwa saa moja ami

Ami Haji (18:13): Saa moja mtu ndo kwanza anatoka Magharibi, hajakaa Isha hiyo. Hawa wanaopanga hawasali?

Da Mwana (18:14): Mjini misikiti tele ami tutasali hapo hapo, na unawajua hawaanzi kwa wakati

Rahma (18:20): Bibi anauliza atakaa wapi maana ngazi zile za mawe na mgongo wake

Da Mwana (18:21): Mwambie tunamchukulia kiti na mto. Bibi hakosi huyu ndo wa kwanza kwenye listi

Rahma (18:39): Anasema niandike kama alivyosema nisipunguze. "Malindi nawapenda tangu sijaolewa na roho yangu inataka niwaone. Lakini siingii Ngomeni Zuwena hayupo. Na alompigia simu siku ile akamwambia subiri gari inakuja, na huku anajua gari imejaa, amwendee Fuoni kwa miguu yake. Si kwa simu."

Da Mwana (18:40): _Ujumbe huu umefutwa_

Da Mwana (20:52): Hewala bibi

Suleiman (20:53): nauli ya Fuoni natoa mie

Ami Haji (20:55): Suleiman nyamaza

*Alkhamisi*

Kheri Muscat (06:17): Assalaamu alaykum ndo naamka, kuna nini Ngomeni? nirikodieni tafadhalini. Shikamoo bibi

Rahma (06:30): Marahaba anasema, na anauliza unarudi lini

Kheri Muscat: 🙈

Da Mwana (09:05): Pesa nimepokea za watu wanne tu na mwenye Noah anataka arubuni leo. Fuoni nitakwenda alasiri kama haikunyesha

Mwajuma (09:06): usende mikono mitupu

Shaaban (09:07): da Mwana nikusindikize?

Da Mwana (09:08): Kula tu wewe. Haya wengine majina, Noah inachukua saba na shangazi Zuwena akikubali ndo keshakua mmoja

Ami Haji (11:34): Hiyo saa moja ni ya kwenye kadi au saa moja ya kweli?