Gumzo la familia: vikapu 24 vya Pasaka

*Jumatatu, 30 Machi 2026*

Dada Mkubwa: Hamjambo nyote. Mama shikamoo, Shangazi shikamoo, Mjomba shikamoo. Nina shida. Nimekubali kutengeneza vikapu vidogo vya karatasi 24 kwa watoto wa shule ya Jumapili. Kila mtoto apate chake, chenye peremende na yai la chokoleti. Cha kwanza nimemaliza sasa hivi.

Dada Mkubwa: 📷 Picha

Mama: Marahaba mwanangu. Mbona kimelala upande?

Dada Mkubwa: Hakisimami, Mama. Na mkono wake umeng'oka nilipokinyanyua, hata kitu sijatia.

Shangazi: Marahaba. Karatasi gani hiyo?

Dada Mkubwa: Ya kawaida, ya kuchapishia.

Shangazi: Basi usijilaumu, karatasi ndiyo iliyokuangusha. Hiyo ni ya gramu 80 kwa mita ya mraba, laini mno. Chukua manila, au yoyote ya gramu 160 hadi 200. Usizidishe hapo, maana nzito sana inapasuka kwenye mkunjo.

Kaka: Ninazo za rangi, A4, gramu 160. Njano, kijani na zambarau. Kesho nakuletea.

Dada Mkubwa: Mungu akubariki. Sasa Shangazi, nianzeje? Mimi nilikata kwa kukisia.

Shangazi: Usikisie. Chukua A4, kunja pembe moja mpaka upana wa juu ulale juu ya urefu wa pembeni. Kipande kinachobaki chini kikate, ukikunjua una mraba wa sentimita 21. Kile kipande usikitupe, tutakihitaji.

Shangazi: 21 gawa kwa 3 ni 7. Piga mistari kwenye 7 na kwenye 14, wima na mlalo. Utaona vyumba tisa. Chumba cha katikati ndicho kitako cha kikapu.

Mjukuu (simu ya mama): Bibi mimi nimekata mistari yote imekuwa vipande tisa 😭

Mama: Usilie mjukuu wangu. Vipande hivyo tutavikata maua, hakuna kilichoharibika.

Shangazi: Sikiliza mwanangu, mkasi unaingia mara nne tu. Upande wa juu, kata mistari miwili, usimame ulipokutana na mstari wa kwanza wa mlalo. Geuza karatasi, fanya vilevile upande wa chini. Kila mkato sentimita 7. Hapo katikati mkasi haugusi kabisa.

Mjukuu (simu ya mama): Sawa Bibi nimeelewa

Shangazi: Kabla ya kukunja, weka rula kwenye mstari upitishe ncha ya kalamu iliyokwisha wino, kwa kubonyeza kidogo. Manila ukiikunja bila kuitia alama inakwenda inakotaka yenyewe. Kikapu kinachoegemea upande mara nyingi kosa lake liko hapa. Mimi naona hatua hii ni muhimu kuliko gundi.

Binamu: Na kupamba ni lini? Baada ya kubandika?

Shangazi: Kabla! Karatasi ikiwa bado bapa mezani ndipo watoto wachore. Kikisimama, kalamu inakitoboa. Vile vyumba vinne vya kwenye pembe wasijichoshe navyo, vinafichwa.

Dada Mkubwa: Vinafichwa wapi?

Shangazi: Unasimamisha pande zote, zile pembe mbili za kila upande uliokatwa zinakunjwa na kukutana moja juu ya nyingine, halafu chumba kilicho kati yake kinapanda na kuzifunika kwa nje. Kwa hiyo pande mbili zina tabaka tatu za karatasi na pande mbili zina tabaka moja. Mkono wa kikapu unabandikwa kwenye zile za tabaka tatu. Angalia picha yako, wewe umeubandika kwenye tabaka moja.

Dada Mkubwa: Kumbe! Ndiyo maana uling'oka na karatasi yake.

Mjomba: Marahaba wanangu, nimechelewa kusoma. Kwa nini msipige stepla tu? Dakika moja kimeisha.

Shangazi: Shemeji, hapana. Miguu ya pini inabaki ndani, na mtoto anaingiza vidole kutafuta peremende.

Mjomba: Ukipiga kutoka ndani, miguu inatokea nje. Unaifunika kwa ua la karatasi.

Shangazi: Kwa wakubwa nakubali. Kwa wadogo ua litabanduliwa siku hiyohiyo, unawajua.

Mjomba: Hapo umenishinda shemeji. Gundi basi.

*Jumanne, 31 Machi*

Dada Mkubwa: Karatasi zimefika, asante Kaka. Nimefanya vitatu. VINASIMAMA. 📷 Picha

Mama: Hongera! Cha njano kimependeza sana.

Dada Mkubwa: Ila pande zimejikunyata, kama karatasi iliyomwagiwa maji.

Shangazi: Gundi nyeupe ya maji hiyo, umeimimina nyingi. Paka nyembamba kwa brashi au kidole, au tumia ile ya kijiti. Kisha bana kwa vibanio vya nguo na ukiache. Usikinyanyue kwa mkono wake siku hiyo.

Dada Mkubwa: Na mkono niukate wapi? A4 imekwisha.

Shangazi: Kile kipande nilichokwambia usikitupe! Kina sentimita 8.7 kwa 21. Toa vibanzi viwili vya sentimita 2, vibandike kimoja juu ya kingine, upate mkono wa tabaka mbili. Ncha zake ziingie ndani ya kikapu sentimita 3 kila upande. Kinachobaki ni cha maua na masikio ya sungura. Karatasi moja, kikapu kimoja.

Kaka: Basi 24 zinatosha 24. Nitaongeza tano za akiba, kwa ajili ya mikasi ya wapwa zangu.

Mjukuu (simu ya mama): Mjomba kwa nini sungura ana mayai? Sungura hatagi

Kaka: Swali zuri sana. Ni hadithi ya Ujerumani ya zamani. Mwaka 1682 daktari mmoja wa huko, Georg Franck von Franckenau, aliandika kuhusu watu waliosimulia kwamba sungura wa Pasaka huleta mayai na kuyaficha. Watoto walikuwa wanamtengenezea viota ayaweke humo. Wajerumani waliohamia Pennsylvania, Marekani, wakaenda na hadithi yao.

Mjukuu (simu ya mama): Kwa hiyo kikapu ni kiota

Kaka: Ndiyo, kikapu ni kiota chenye mkono.

Binamu: Basi tuvitie nyasi ndani! Karatasi laini ya kijani, unakata nyuzi nyembamba, unazifinyanga kiganjani kisha unazilegeza. Yai likikaa juu yake linaonekana, halizami chini.

Dada Mkubwa: Nimelipenda wazo hili kuliko yote. Mtoto yule aliyeuliza ndiye atakayekata nyasi.

*Alhamisi, 2 Aprili*

Dada Mkubwa: Tumefika 19. Wanangu wamechora mpaka wamesinzia mezani.

Mama: Kati ya hao watoto wa shule ya Jumapili, wangapi hawajafika miaka mitatu?

Dada Mkubwa: Watano.

Mama: Hao wasitiliwe peremende ngumu za mviringo, zinakaba koo. Yai la chokoleti laini livunjwe vipande vidogo, na mzazi awe karibu.

Shangazi: Wifi umesema la maana. Vikapu vyao viwe vya njano vyote, na njano isipewe mtoto mwingine. Siku ya kugawa kuna zogo, hakuna atakayesoma majina.

Dada Mkubwa: Vya njano ninavyo vinane. Vitatu nitavibakiza nyumbani.

Binamu: Chokoleti usiitie leo. Ikilainika, mafuta yake yanaacha doa kwenye karatasi na doa halitoki. Itie Jumapili asubuhi, na chini ya nyasi tandika kipande cha karatasi ya kuokea.

*Jumamosi, 4 Aprili*

Dada Mkubwa: Vimetimia. Jana usiku nilichukua kimoja, nikakitia peremende kumi na yai, nikakitundika kwenye kitasa cha mlango. Asubuhi nimekikuta palepale, mkono haujaachia hata kidogo. 📷 Picha

Mjomba: Bila pini hata moja. Hongera shemeji, hongera mwanangu.

Shangazi: Nimefurahi mno. Mwakani anza mapema, Pasaka ya 2027 ni tarehe 28 Machi.

Kaka: Na zile za akiba?

Dada Mkubwa: Zimetumika nne. Ya tano anayo mwenyewe.

Mjukuu (simu ya mama): 📷 Picha

Mjukuu (simu ya mama): Bibi hiki chako. Nimekata mara nne tu

Mama: ❤️❤️ Kesho nakuja kukichukua mwenyewe.