Eti "nenda ukakaange roleksi Wandegeya"! Laki nne nimelipa nifundishwe soketi, sikulipa nitukanwe

Mtoto_wa_Arua | saa 5:40 usiku

Sijala, sijavua hata viatu. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa darasa la jioni, ghorofa ya tatu, kalamu nne mfukoni mwa shati na hakuna hata moja inayoandika. Leo kaniambia mbele ya watu ishirini na watatu: "Wewe nenda ukakaange roleksi Wandegeya." Ile chapati ya kuviringishwa na mayai, inayouzwa mtaani huku Kampala.

Roleksi! Mimi!

Leo ilikuwa zamu ya soketi, mlango ambao programu mbili huzungumza kupitia mtandao. Kila mtu awashe seva, programu inayosubiri wengine wajiunge, kwenye laptopu yake, jirani yake ajiunge kutoka laptopu nyingine. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kaandika ubaoni: bind (amri ya kuipa seva anwani ya kusikilizia), 127.0.0.1, poti (namba ya mlango) 5000. Akapiga mstari chini mara mbili. Nikanakili kila kitu, hadi nafasi kati ya herufi. Dada aliyekaa kushoto kwangu akaandika anwani ya mashine yangu, 192.168.1.14, akabonyeza. Muunganisho umekataliwa. Akabonyeza tena. Umekataliwa. Mara ya tano umekataliwa kama posa ya mtu asiye na ng'ombe.

Nikanyoosha mkono kwa adabu: "Samahani mwalimu." Akaja taratibu kama mgeni rasmi. Hakugusa kibodi. Hakusoma mstari hata mmoja. Aliangalia selotepu niliyobandika kwenye bawaba ya laptopu, akaangalia tundu pale herufi Q ilipong'oka, halafu akalitoa lile neno. Roleksi. Darasa lote likaangua kicheko, na yule dada naye, wakati aliyekuwa anakataliwa ni yeye!

Nimefika Kawempe nikakaa kusoma. 127.0.0.1 ni mashine kujisemesha yenyewe. Ukiipa seva anwani hiyo, mtu wa nje haingii, hata aje na kompyuta ya milioni kumi. Nikawasha hotispoti ya simu, nikaweka 0.0.0.0 ili seva isikilize pande zote, nikaunganisha kompyuta ya mdogo wangu. Imepokea papo hapo. "Habari" ikatokea kwenye skrini yangu, baiti sita, zote nzima. Kosa lilikuwa la ubao. LA KWAKE. Mtu anakosea kwa wino wa buluu, anapigia mstari mara mbili, halafu roleksi nikaange mimi!

Ile ada ni mahindi ya mama yangu, gunia kwa gunia. Na ubao nimeupiga picha.

Bombo_Kwetu

Huyo huyo! Mwaka jana nilizima seva nikaiwasha tena, ikaniambia anwani inatumika tayari. Akasema nizime kompyuta niwashe upya. Muhula mzima nimezima na kuwasha. Kumbe ni kawaida ya TCP, kanuni za kupitisha data mtandaoni: mfumo huishikilia poti kwa muda baada ya muunganisho kufungwa. Unaweka SO_REUSEADDR, ruhusa ya kutumia tena anwani, kabla ya bind, yamekwisha. Mstari mmoja tu! Muhula mzima!

Mama_wa_Jinja

Pole mwanangu. Ila na wewe, kumwacha huyo dada abonyeze mara tano kitu kilekile ulitegemea nini? Seva ibadilishe moyo?

Mtoto_wa_Arua

Shikamoo mama. Ndiyo maana niliuliza! Nilinyoosha mkono! Nikajibiwa roleksi!

Poti_8080

Wewe umetukanwa siku moja. Sisi darasa la lugha ya C alitusahaulisha htons, ile amri ya kupanga baiti za namba ya poti jinsi mtandao unavyotaka. Tunaita 8080, seva imekaa 36895, maana kompyuta zetu za Intel hupanga baiti kinyume na mtandao unavyotaka. Wiki mbili tunabisha hodi nyumba isiyo yetu. Yeye anasema ni umeme wa Kampala.

Gulu_Mjini

Picha ya ubao iko wapi? Uzi bila picha ni hadithi ya sungura na fisi.

Kijana_wa_Ntinda

Angalau nyie mnapata jibu la kukataliwa. Mimi nimeitengenezea seva yangu dirisha zuri kwenye skrini, lina kitufe cha Anza. Nikikibonyeza linaganda, halisogei, halifungiki. Nimemuuliza, kaniambia nipunguze rangi. RANGI!

Poti_8080

Ntinda, accept inakaa kumsubiri mteja, na umeiita kwenye uzi uleule (mfululizo wa kazi ndani ya programu) unaochora dirisha. Nani atachora wakati mchoraji amesimama mlangoni? Ipe seva uzi wake. Uzi wa programu, si huu wa Arua.

Bando_Limekata

Mnalia na mwalimu mmoja. Mwizi halisi ni bei ya intaneti. Julai 2018 tukaanza kulipa shilingi 200 kwa siku kuingia mitandao ya kijamii. 2021 wakaiondoa, wakaleta asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Napakua maktaba ya programu, inafika nusu, bando kwisha.

Bombo_Kwetu

Kwa hiyo 127.0.0.1 ndiyo inakufaa wewe, haili bando.

Kikaango_Moto

Nimesoma tangu juu nikinyamaza. Mimi nakaanga roleksi. Miaka sita, kigari changu mwenyewe, ada za watoto wawili zinatoka hapo. Kwani roleksi ni tusi tangu lini? Mwalimu kaitumia kama tusi, na wewe Arua umeipokea kama tusi. "Roleksi! Mimi!" Wewe nani?

Halafu hiyo soketi yenu naifanya kila jioni. Wateja wanapanga foleni, hiyo ni listen. Namwita mmoja, namshughulikia, hiyo ni accept. Foleni ikijaa kupita kiasi wengine wanaondoka. Saa moja jioni nikiwa peke yangu naganda kama dirisha la Ntinda, ndiyo maana nimeajiri kijana wa mayai.

Mama_wa_Jinja

Haya, huyu ndiye angepewa lile darasa.

Mtoto_wa_Arua

Kaka Kikaango, nisamehe, sikukusudia kazi yako. Nilichomwa na namna alivyolisema, ametazama ile selotepu kwanza. Hakutazama programu. Alitazama SELOTEPU.

Kikaango_Moto

Yamekwisha, kaka. Siku ukipita Wandegeya nitakukaangia.

Gulu_Mjini

Ya mayai mawili siku hizi unauza ngapi?

Kikaango_Moto

Elfu tatu.

Gulu_Mjini

Elfu tatu! Huku kwetu kwa bei hiyo wanaweka na parachichi.

Mtoto_wa_Arua

Jamani, picha ya ubao hiyo hapo nimeiweka. Tazameni ile mistari miwili.

Bando_Limekata

Haifunguki kwangu.

Kijana_wa_Ntinda

DIRISHA LIMEACHA KUGANDA!! Asante Poti. Nimehamisha accept kwenye uzi wake, naweza hata kulisogeza huku linapokea.

Bombo_Kwetu

Kikaango, kabichi unaweka au unabana kama yule jirani yako?

Kikaango_Moto

Naweka. Yule jirani usinitajie, mwezi wa pili ana jiko langu la mkaa.